Tandiko la Binadamu

Mizani ya jikoni ilinunuliwa kwa ajili ya unga wa maandazi. Leo juu yake kuna kipande cha ngazi cha alumini, pete mbili za kufungia kamba, na mkanda ambao mwandishi wenu ameukata ncha kwa mkasi ili aokoe gramu 11. Mkewe amesimama mlangoni, ungo mkononi, akisubiri zamu yake katika jiko lake mwenyewe.

"Baba watoto," anauliza, "hizo gramu unazozipunguza, unazipeleka wapi?"

Swali zuri. Mwandishi wenu ni mzaliwa wa Mtwara na mkazi wa Columbus, Ohio, na kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Februari sheria ya jimbo humruhusu kumwinda kwa upinde kulungu mkia-mweupe. Huyu si kulungu wa mapori ya kwetu. Dume lake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine mwaka unaofuata, wakati yule wa kwetu akishaota zake anakufa nazo. Wawindaji wengi humvizia kutoka juu ya mti, mita tano au sita hivi, kwa sababu mtu aliyesimama chini huonekana na kunuswa kabla hajagusa mshale.

Mwenye shamba lake huegemeza ngazi yenye kiti kwenye mti mmoja, akaiacha hapo msimu mzima. Asiye na shamba huenda kwenye ardhi ya umma, kwa mfano Wayne National Forest, kwenye vilima vya kusini mashariki mwa Ohio, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Huko mti hauna mwenyewe. Katika ardhi nyingi za namna hiyo kupigilia misumari au kukaza skrubu mtini ni marufuku, na kulungu akinusa harufu ya mtu mara mbili chini ya mti uleule, ya tatu hupita kwingine. Ndiyo maana mwindaji hubeba kiti mgongoni, akapanda, akashuka, akaondoka nacho jioni, mithili ya machinga aliyesikia mgambo wanakuja.

Aliyemwingiza katika mambo haya ni jirani yake, mzee Mmarekani mstaafu. Siku aliposikia neno Tanzania aliingia ndani akatoka na kitabu cha Saxton Pope. Pope alikuwa daktari wa upasuaji wa San Francisco aliyejifunza upinde kwa Ishi, mwenyeji asilia wa California aliyejitokeza mwaka 1911 akiwa amebaki peke yake katika kabila la Yahi. Mwaka 1925 Pope na rafiki yake Arthur Young walifunga safari hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, wakiwa na mwandishi Stewart Edward White, ambaye kwa busara alichukua bunduki. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wangeweza kuwapa ushauri wa bure.

"Kwa hiyo upinde uko katika damu yako," mzee alisema. Mwandishi wenu hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba silaha pekee aliyowahi kuimiliki Mtwara ilikuwa manati, na kwamba windo lake kubwa lilikuwa kioo cha dirisha.

Upinde wenyewe haukumsumbua sana. Tangu Holless Wilbur Allen wa Missouri apewe hataza mwaka 1969 kwa upinde wake wenye magurudumu, mzigo wa kuvuta hupungua sana mkono ukifika mwisho, na mtu wa kawaida anaweza kuushikilia huku akilenga. Tatizo lilikuwa kiti.

Cha kwanza kilikuwa kiti cha kujipandisha, chenye vipande viwili: cha kukalia na cha kukanyagia, kila kimoja kikiukumbatia mti kwa waya mnene. Unainua cha juu, unakalia, unavuta cha chini kwa miguu, unasimama, unarudia. Ukitazamwa kwa mbali unafanana na kiwavi aliyevaa koti. Kilikuwa na kilo tisa, na kinadai mti ulionyooka, usio na tawi mpaka juu. Mwandishi wenu, kwa pupa, alichagua hikori wa aina ile ambayo gome lake hubanduka vipande virefu kama vigae vya paa bovu. Kila hatua kigae kimoja kilianguka kwenye majani makavu. Mita tano za kwenda juu zilisikika, bila shaka, hadi kaunti ya jirani.

Hilo lingesameheka. Ila vipande viwili vya kiti hicho hupaswa kuunganishwa kwa kamba, cha chini kisije kikateleza peke yake. Kamba hiyo ilikuwa na gramu 95. Usiku uliotangulia ilipimwa, ikahukumiwa kuwa ni anasa, ikaachwa juu ya mizani. Saa moja na robo asubuhi mwandishi wenu alijigeuza atazame nyuma, miguu ikachomoka kwenye vishikizo, na kipande cha chini, kilipoona hakina mtu, kikainama taratibu, kikateremka mti mzima kwa kelele ya sufuria na kutua chini. Yeye alibaki amekaa juu, miguu ikining'inia. Alikuwa amevaa mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye mti, na hilo ndilo jambo pekee la akili alilolifanya asubuhi hiyo.

Alimwandikia mkewe ujumbe: "Niko juu ya mti. Nusu ya kiti iko chini."

Jibu likaja: "Nusu gani?"

Kisha la pili: "Babu yangu alikuwa mkwezi. Alikuwa anashuka mwenyewe. Nimempigia mzee."

Mzee alifika baada ya saa mbili kasoro. Alisimama chini ya mti, mikono mfukoni, akauangalia ule mchoro mzima kwanza.

"Umeona kulungu?"

"Wanne. Wote walisimama kukiangalia kiti."

Mwindaji hapandi na upinde mkononi wala mgongoni. Huufunga kwenye kamba chini, akauvuta akishatulia juu. Kamba hiyohiyo ndiyo iliyookoa jahazi. Mzee alikifunga kile kipande, mwandishi wenu akakivuta, akakivalisha mti kwa vidole vilivyokufa ganzi. Walipokuwa njiani mzee alitoa somo bila kuombwa. Watu huanguka zaidi wakati wa kupanda, kushuka, au kuhama kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye kiti, kwa hiyo mtu ajifunge tangu miguu ikiwa bado ardhini. Na ukianguka ukabaki unaning'inia kwenye mkanda, damu hukwama miguuni na unaweza kupoteza fahamu. Beba kitanzi cha kukanyagia ili miguu ifanye kazi. Mwandishi wenu aliitikia kila kitu. Moyoni alikuwa anakipigia hesabu kitanzi kingekuwa na gramu ngapi.

Kiti cha pili kilikuwa cha kutundika: jukwaa jembamba la alumini lenye kikalio, kilo sita na kitu, pamoja na vipande vinne vya ngazi vinavyofungwa kimoja juu ya kingine kwa mikanda. Hiki hakichagui mti. Uliopinda, wenye matawi, wote sawa. Kasoro yake ni sauti. Msitu wa Novemba kabla ya mapambazuko umetulia kiasi kwamba kindi mmoja akikimbia kwenye majani makavu unaapa ni dume la kilo mia. Hapo ndipo kifungo cha mkanda kinapogonga alumini, na mlio wake hautofautiani na kengele ya shule.

Wenzake huzungushia vyuma utepe wa nguo unaotumiwa na wacheza magongo ya barafuni. Mwandishi wenu aliona kuna njia rahisi zaidi. Alifungua kabati, akachukua kanga kuukuu, akaichana vipande, akavifunga ngazi kama fundi wa bandeji. Rangi aliichagua kwa kufikiri: macho ya kulungu huiona bluu vizuri, lakini nyekundu na rangi ya chungwa humchanganyikia na kijani. Ndiyo sababu wakati wa msimu wa bunduki wawindaji wa kulungu huko Ohio hutakiwa kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa, na mnyama hashtuki. Kanga ilikuwa nyekundu. Kisayansi hakukuwa na dosari.

Mkewe hakuuliza kuhusu sayansi. Aliuliza kwa nini doti yake sasa ni kanga moja, tena ile iliyobaki ni ya kujifunga.

Hata jina la kanga lilikatika vibaya. Maneno mengine yalipotelea kwenye mikunjo, ila kwenye kipande cha tatu cha ngazi neno HASIDI lilitokea zima, kwa herufi kubwa, sawasawa na macho ya anayepanda. Msimu huo mwandishi wenu aliitwa hasidi mara mbili kwa siku, kupanda na kushuka.

Ndipo mzee akamletea habari za tandiko.

Kwa Kiswahili tandiko ni la punda. Marekani amevalishwa mtu: kitambaa kigumu chini ya makalio, kamba mbele, na mwindaji anaegemea nyuma akiutazama mti, miguu kwenye kijukwaa kisichozidi sana sahani ya wali. Akiwa anapanda hujizungushia kamba kiunoni na mtini kama mafundi wa TANESCO kwenye nguzo. Tandiko lenyewe halifiki kilo moja. Windo likija upande wa pili, unajisukuma kidogo na shina linabaki kati yenu kama ngao. Mwandishi wenu aliposikia uzito alikwisha kuingiza mkono mfukoni kutafuta kadi ya benki.

Jambo ambalo mizani haikumwambia ni kwamba anayetumia tandiko hukumbatia mti. Siku nzima. Mti wa kwanza aliochagua ulikuwa na mtambaa mnene wenye nywele nywele, bila jani hata moja kwa kuwa baridi ilishaingia. Alidhani ni kamba ya asili, akaushika kwa shukrani. Ulikuwa aivi ya sumu, ambao mafuta yake huwasha ngozi ya watu wengi hata majani yakiwa yamepukutika. Na mtambaa huu ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Mtoto wa Mtwara, aliyekua akionywa kila msimu asiguse mafuta ya ganda la korosho, alisafiri nusu ya dunia akakumbatiana na binamu yake mkorosho kwa saa tano.

Vipele vilitoka siku ya pili: mikononi, shingoni, na kwenye shavu la kushoto.

"Ulimkumbatia nani?" mkewe aliuliza, bila ungo safari hii.

Wiki iliyofuata vikatoka tena. Mafuta yale hukaa kwenye kamba muda mrefu, na kamba hazikuwa zimefuliwa.

Kuhusu harufu mwandishi wenu hataki kusema mengi. Nguo za kuwindia hufuliwa kwa sabuni isiyo na manukato, zikaanikwa nje, zikafungiwa kwenye kasha la plastiki. Ijumaa moja wageni walikuja, udi ukafukizwa, na kasha lilikuwa wazi. Kesho yake alirusha hewani nyuzi za mbegu zinazofanana kabisa na sufi ya mito yetu, ambazo wawindaji hutumia kuona hewa inakokwenda. Zilikwenda chini bondeni, kwa kuwa jioni hewa ikipoa huteremka, na asubuhi jua likichomoza hupanda. Chini bondeni jike mmoja aliinua pua, akapata habari zote za harusi ya pwani, akaondoka.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba alichelewa kuamka. Kwa haraka aliacha vipande viwili vya ngazi kwenye gari, akafika chini ya mwaloni akiwa na viwili tu. Akapanda mita tatu, akajificha nyuma ya panda la shina, akajilaumu. Mialoni myeupe ilikuwa imeangusha kokwa zake, ambazo kulungu huzipenda kwa kuwa hazina uchungu mkali kama za mialoni myekundu. Saa mbili na nusu jike alikuja akila, kichwa chini, hatua baada ya hatua, mpaka mita 16. Mwandishi wenu alinong'ona bismillahi, kama inavyompasa anayetaka nyama halali, kwa sauti ndogo mno kwa sababu mara ya kwanza aliitamka kama muadhini na kulungu akaitikia kwa mbio. Sauti ya ugwe husafiri karibu mara nne ya mshale, kwa hiyo mnyama husikia kabla ya kuguswa. Huyu alikuwa anatafuna. Hakwenda mbali.

Na gari lilikuwa umbali wa kilomita moja, kilima kikiwa katikati. Kulungu aliyekwisha kutolewa utumbo alikuwa kilo arobaini na kitu, na hakuna mkasi unaoweza kumpunguza. Mwandishi wenu alimkokota kwa kamba ileile ya kuvutia upinde, akisimama kila hatua ishirini, mgongoni mwake mikanda iliyokatwa ncha ikiwa imekaa kimya kabisa. Kipande chenye neno HASIDI kilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kikimsubiri.

Jioni jiko lilijaa mifuko ya nyama. Mizani ile hupima kilo tano tu, kwa hiyo mkewe alipima fungu kwa fungu: la pilau, la jirani mzee, la majirani wa ghorofa ya juu, la friza. Mwandishi wenu alisimama mlangoni akiwa amebana kiganjani pete mpya ya kufungia kamba, ya titani, iliyofika kwa posta mchana huo.

"Samahani, naomba mizani dakika moja tu."

"Panga foleni," mkewe alisema, na kuweka paja la mzee juu yake.