Sifa za Tumbo la Kipindi cha Hesabu

Vitu vyote vyenye heshima Usukumani vimekwisha kusifiwa. Ng'ombe wana nyimbo zao, pamba ikabatizwa dhahabu nyeupe, dhahabu yenyewe haina haja ya msifu, na almasi ya waridi iliyookotwa Mwadui mwaka 1947, yenye karati 54.5, ilisifiwa mpaka ikaishia kuwa bruchi kifuani mwa Malkia Elizabeth. Kilichobaki bila hata ubeti mmoja ni tumbo la mwanafunzi: lile linalokata dakika tano kabla ya hesabu na kupona kabla kengele haijamaliza kulia. Mwalimu wa zamu amelisikiliza, matroni wa bweni amelikemea, muuguzi, pale shule ilipojaliwa kuwa naye, amelimezesha Panadol, na kati yao hakuna aliyelishukuru. Asubuhi nzima hupotea kwa kulihoji, na malipo yake ni kuliona mchana likikimbiza mpira. Basi hebu tulipe deni. Lina haki ya kusifiwa na wale wale lililowachosha.

Sifa yake kuu ni elimu. Hakuna kiungo kilichosoma kama tumbo hili. Ratiba linaijua kuliko mwalimu wa taaluma aliyeiandika: linajua vipindi viwili mfululizo vya hesabu viko siku gani, linajua mwalimu gani amekwenda semina, na siku hiyo huamka zima kabisa, bila kinyongo. Limeugawa mwili kwa masomo kama chuo kikuu kilivyogawa vitivo. Hesabu ni ya tumbo, Kiingereza ni cha kichwa, paredi ya Jumatatu ni ya kizunguzungu, shamba la shule ni la mgongo, na kuosha vyoo ni kwa mguu ambao, kwa maelezo ya mwenyewe, ulilala usiku na haujaamka. Jiografia nayo linaijua: ukilibonyeza kushoto maumivu yamehamia kulia, ukilifuata kulia yamerudi kitovuni, mfano wa wachimbaji wadogo waliosikia kuna rashi mpya upande wa Geita. Kalenda ya Baraza la Mitihani linaitunza kwa uaminifu, na wiki ya moko huanza kujiandaa mapema kuliko mwenye nalo. Likifikishwa zahanati hukutana na hesabu ile ile lililoikimbia, maana mhudumu humwambia mgonjwa vidonge ni mbili mara tatu, naye, ambaye nusu saa iliyopita hakuijua mbili mara tatu ubaoni, huitikia bila kuhesabu vidole. Kama huko siyo kuelimika, sijui wizara inatafuta nini.

Sifa nyingine nazitaja nikipita. Ni la gharama nafuu, kwa kuwa hupona kwa nusu kidonge, kwa maji ya moto, au kwa kuona mpira. Ni karimu, kwa kuwa halikai peke yake: likianza dawati la mbele, dawati la nyuma limekwisha kupata. Tena ni la kishairi. Watu wazima wakiugua husema wana malaria basi. Mwanafunzi husema kuna kitu kinatembea kutoka kitovuni kuja sikioni, au goti moja linasikia baridi, au moyo unakimbia halafu unasubiri. Yuko anayeona herufi mbili mbili ubaoni lakini uwanjani mpira anauona mmoja. Mtoto wa miaka kumi anajitangazia presha, na wa kumi na mbili ana vidonda vya tumbo, ugonjwa aliourithi kwa kumsikiliza shangazi.

Na asidhani mtu kwamba malalamiko haya ya ajabu hayana historia. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Bukoba, katika shule ya misheni ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka tarehe 30 Januari 1962, wakashindwa kuacha. Kicheko kikaenea mpaka kikawashika wasichana 95 kati ya 159. Wengine kiliwachukua saa chache, wengine kiliwarudia kwa siku kadhaa, kikichanganyika na kilio, na shule ikafungwa mwezi Machi. Wasichana waliporudishwa makwao kicheko kikasafiri nao, na huko Nshamba kikawapata watu wapatao 217. Madaktari Rankin na Philip walilichunguza jambo hilo wakaliandika mwaka uliofuata. Hawakuona sumu wala kijidudu. Waliona histeria inayolishika kundi zima. Jambo la kuwasifia ni dogo na ndilo lote: walihesabu. Walipoambiwa wasichana wanaumwa kicheko hawakusema wanasingizia. Waliuliza wangapi, wapi, tangu lini, na ndiyo maana leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, Kashasha inajulikana duniani na sisi tunajua kitu juu yake.

Sasa neno hilo, kusingizia, ndilo linaloniondolea utani. Ni neno jepesi mno mdomoni mwa mtu mzima aliyekunywa chai. Chukua shule ya kutwa ya kawaida katika nchi hii ya Songwa, ambako bwawa limeunywesha maji mgodi wa Mwadui miaka na miaka. Mtoto ametoka nyumbani alfajiri, jana alikula matobolwa ya viazi vitamu, leo hajala, na saa nne tumbo linamuuma. Tangu 2016 elimu ni bila ada, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi, na mvua ikikataa mikono hiyo inakuwa mitupu. Je, hilo ni tumbo la kusingizia? Mwenzake amekaa darasani akibana haja kwa sababu mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na mwongozo huo haujawahi kupanga foleni. Msichana wa darasa la saba naye anasema tumbo, kwa kuwa ndilo neno pekee analoweza kumtamkia mwalimu wa kiume. Taulo za kike ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa kwa hoja kwamba bei haikushuka. Wafanyabiashara hawakushusha, aliyeadhibiwa ni tumbo. Dada yake wa sekondari, katika shule nyingi, kwa miaka mingi alikuwa na uhakika wa kipimo kimoja tu, cha mimba, na majibu yakiwa ndiyo, dawa ilikuwa kufukuzwa. Mlango wa kurudi ulifunguliwa Novemba 2021. Taasisi iliyolitazama tumbo kwa sababu moja tu, tena kwa nia ya kulitoa nje, haina haki ya kushangaa likiwa na siri.

Zidisha maji na mawe. Kanda ya Ziwa ni nchi ya kichocho. Mtoto anayeoga bwawani na kuvuka majaruba ya mpunga anaweza kukojoa damu, akaona haya, akasema tumbo. Dawa yake hugawiwa shuleni kwa kampeni, na hushauriwa mtoto ale kwanza ndipo ameze, kwani ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu; tunarudi pale pale kwenye saa nne. Upande wa Geita kuna watoto wanaotoka mwaloni, panaposagwa na kuoshwa mawe ya dhahabu, kabla ya kuja darasani, wameponda mawe na kukaa karibu na zebaki inayochomwa. Human Rights Watch waliliandika hilo mwaka 2013, wakitaja maumivu ya kichwa miongoni mwa madhara. Mtoto huyo akisema kichwa kinagonga kama karasha, tunacheka kwa jinsi alivyolipamba. Hakupamba. Alikuwa akieleza alikotoka.

Hapa ndipo nchi hii inapojisuta. Ni mahali pachache Tanzania ambapo udongo umepimwa kama hapa. Miamba inachorongwa, vipande vinapangwa kwenye masanduku, kila kimoja kina namba, kisha maabara inasema tani moja ina gramu ngapi. Na jiwe lisilo na kitu halifutwi kwenye kumbukumbu, kwa sababu nalo linaonyesha mkondo wa dhahabu umeishia wapi. Hakuna mjiolojia anayelizaba jiwe kofi kwa kukosa dhahabu. Juu ya mwamba huo huo kuna shule ambayo haina hata kipimajoto, na tumbo la mtoto linapimwa kwa jicho la mtu anayesubiriwa na kipindi.

Mtasema tukiyaamini matumbo yote madarasa yatabaki na madawati. Hoja hiyo ni nzito, ila inachanganya kuamini na kuandika. Sisemi kila anayelalamika apewe ruhusa. Nasema kila lalamiko lipewe mstari: saa, kipindi, alichosema, kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni kitu kinachotembea kuja sikioni. La uongo lina faida sawa na lile jiwe tupu. Matumbo kumi yakiuma kabla ya somo moja kila wiki, tatizo haliko tumboni. Huenda liko kwenye fimbo, na kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni cha mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, kisizidi viboko vinne, na kiandikwe kitabuni. Basi fungueni vitabu viwili, cha viboko na cha matumbo, mviweke sambamba, muone kama havisomani. Mtasema pia kwamba wauguzi hawatoshi hata zahanati, sembuse shuleni. Ni kweli, na mwalimu wa afya mwenye vipindi thelathini kwa wiki si wa kulaumiwa. Lakini mistari mitatu kwa siku haihitaji muuguzi wala mfadhili. Inahitaji daftari la kaunta na mtu wa kuulizia mwisho wa muhula, na huyo wa kuulizia ndiye adimu, kwa sababu anayeuliza hulazimika kujibu.

Mwisho wa muhula mwalimu wa hesabu ajumlishe: matumbo mangapi, mara siku ngapi, saa ngapi. Tumbo lililolikimbia somo litakuwa limerudi darasani kama swali, nalo litasomwa mbele ya bodi ya shule na maofisa wa halmashauri. Nina shaka moja tu. Yakishasomwa majibu, zamu ya kuumwa itageuka: mmoja atakumbuka presha, mwingine udhuru wa msiba, wa tatu atasikia goti moja linapata baridi ghafla. Wasihofu, dawa yao ipo. Mbili mara tatu, kisha warudi kikaoni.