Sita, Tano, Nne… Rekodi! Mambo ya Kuweka Sawa Kabla Mpiga Nanga Hajakaa

Fundi unayekwenda Kimwani, wilayani Muleba, kumnasa mpiga nanga, yule mwimba tendi wa Kihaya na ala yake ya nyuzi: maiki yako ni nzuri, hongera. Sasa ifungue ile menyu ya saa na kiwango cha sampuli ambayo wengi huiruka. Tunahesabu kurudi nyuma, na lililo zito liko mwisho.

6. 192 kHz. Iache. Kiwango cha sampuli hubeba masafa hadi nusu yake, na sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu 20 kHz. Kwa hiyo 48 kHz inatosha na chenji inabaki. 192 hula kadi mara nne, na hakuna popo aliyeagiza nakala.

5. 44.1 au 48? 44.1 ni ya CD. Ilizaliwa kwenye mikanda ya video: sampuli 3 kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha, utapata 44,100 kamili. Video leo hutumia 48, na wahifadhi sauti wa IASA wanataka angalau 48 kHz kwa biti 24. Mjadala umefungwa, tugawe senene.

4. Faili la 44.1 kusomwa kama 48. Utendi wa dakika 10 unakwisha kwa dakika 9 na sekunde 11, na kila noti imepanda karibu robo tatu ya toni. Mzee amekuwa kijana bila dawa! Nyuzi alizikaza kwa sikio lake, na tarakimu moja imezikaza upya. Iamuru programu ibadili faili lenyewe liwe la 48. Kulibandika lebo ya 48 tu hakusaidii.

3. Vinasa viwili, kila kimoja na saa yake. Zikipishana sehemu 20 tu katika milioni, baada ya saa nzima sauti zimeachana milisekunde 72, karibu picha mbili za video ya 25 kwa sekunde. Utendi wa nanga kama ule wa Kachwenyanja hauimbwi kwa haraka, kwa hiyo piga kofi mwanzoni na jingine mwishoni. La mwisho ndilo litakalokuonyesha deni.

2. Taimukodi si saa ya sampuli. Taimukodi husema tuko wapi. Saa ya sampuli husema tunakwenda kwa kasi gani. Ukiwa na ya kwanza peke yake, vyombo vitaondoka pamoja na kufika kila kimoja kwa wakati wake.

1. Mkuu awe mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Priamp inayoingia kwa ADAT ikiwa kwenye saa yake ya ndani, saundi kadi lazima ifuate saa ya ADAT. Zote zikijiongoza, utasikia tik… tik… hasa mwimbaji anaposhusha sauti, pale pale unapotaka kila herufi. Ukitumia nyaya za BNC kupeleka saa, chombo cha mwisho kiwe na kizuizi cha omu 75.

Hili nimelipa namba moja kwa sababu moja. Tendi za nanga, ambazo Profesa M. M. Mulokozi amezitafiti kwa miaka mingi, hutungwa upya papo hapo mbele ya wasikilizaji. Mzee anaweza kurudia kisa. Utungo ule ule wa leo harudii. Basi tazama taa ya usawazisho. Ikipepesa, waitu, mwombe mzee amalizie kahawa yake, wewe shika nyaya.