Mkimbizi wa Ukaguzi

Nyuma ya pikapu yangu zimebaki herufi tatu za jina la kampuni, tena hazifuatani. Kwa hiyo hata ningetaka kuisema vibaya kampuni yenyewe, ushahidi sina. Na ugomvi nayo sina pia. Gari hili limebeba asali kutoka misitu ya Sikonge, limebeba tumbaku ya shemeji yangu wa Urambo, limebeba bibi harusi na mama mkwe wake kwenye kiti kimoja, na halijawahi kunilaza porini. Shida yake ni moja tu: halipendi kukaguliwa.

Asili ya tabia hiyo ninaijua. Kule Japani gari dogo la mizigo likishamaliza miaka 2 ya mwanzo hukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi wenyewe si wa bei poa. Gari likizeeka, mwenyewe anapiga hesabu ya ada, kodi na vipuri, anaona afadhali aliuze. Linapandishwa meli, linashushwa Dar es Salaam, sisi tunasema tumepata gari. Langu, basi, ni mkimbizi. Lilivuka bahari nzima kumkimbia mtu mwenye tochi na karatasi, likaja mpaka Tabora, likamkuta mwenzake analingojea chini ya mwembe.

Mkaguzi alikuwa binti mmoja mpole, kiatu kinang'aa licha ya mchanga wetu huu. "Shikamoo, baba." Nikajua mambo yameharibika. Askari wa usalama barabarani akikuamkia kwa adabu namna ile, ujue ameshaona matairi.

"Marahaba, afande."

"Washa indiketa ya kushoto."

Nikawasha. Wipa zikaanza kufuta kioo.

"Nimesema indiketa, baba."

"Ndiyo hiyo, afande."

Akaandika. Akaomba honi, nikamweleza kuwa honi inalia usukani ukikatwa kulia, kwa hiyo anipishe nafasi nigeuze. Akaandika tena. Akaushika usukani mwenyewe, akauchezesha huku na huku. Matairi yakatulia kimya yakisubiri awe na uhakika wa anachotaka. Kizima moto nilikitoa kwa fahari, maana kina rangi nzuri kuliko bodi. Akasoma tarehe: muda wake ulikwisha kabla gari halijaingia nchini.

"Breki ya mkono iko wapi?"

Utingo wangu akashuka, akalitoa jiwe lake chini ya kiti, akaliweka nyuma ya tairi, akasimama pembeni akisubiri sifa. Afande akafunua ukurasa wa pili.

Nilijaribu kujitetea kwamba gari hili halijawahi kushindwa safari. Akanijibu bila kuinua macho: "Baba, kutembea sijakuuliza. Nakuuliza kama linajua kusimama." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Imelizidi gari langu umri, ingawa ukiviweka pamoja huwezi kukisia.

Fundi wangu ni Mzaramo, yaani mtani wangu halali, na utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ulikolezwa na njia ileile ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda Ujiji. Alipoisoma ile karatasi alicheka hadi akakaa juu ya tairi. "Babu zenu walikuja kwetu na pembe za ndovu mabegani, frasila mbili mbili, miguu mitupu, hakuna aliyewadai indiketa. Nyie mmepewa injini, mnatuaibisha!"

Nikamkumbusha kuwa magurudumu kufeli kwenye njia hii hakukuanza na mimi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa Unguja kwenda kumtafuta Livingstone, alitengenezesha mkokoteni mwembamba wa mizigo. Njia yenyewe ilikuwa ya watu kufuatana mmoja mmoja, ina miiba, ina matope. Mkokoteni ukasumbua watu kuliko ulivyowasaidia, ukatelekezwa kabla haujafika huku, na mzigo ukarudi mabegani kwa wapagazi. Stanley mwenyewe aliingia Unyanyembe Juni mwaka huo. Tembe aliyokaa pale Kwihara, na baadaye akakaa na Livingstone, sasa ni makumbusho. Zamani nilikuwa nikipita karibu nayo naipigia honi, mradi kona iwe ya kulia.

Mtani akafanya kazi, siwezi kumnyima haki yake. Breki mpya, boli joint mpya, matairi yenye meno, na waya za umeme akazifumua zote akazisuka upya. Siku ya kurudi kwa afande, indiketa ilimeta kushoto na wipa haikutikisika. Tukapewa stika. Utingo akalitupa lile jiwe, nikamwambia aliokote.

Tukashika barabara ya Sikonge na mapipa matupu ya asali. Mbele yetu mwendesha baiskeli, amefungasha magunia ya mkaa yaliyomzidi kimo. Nikaamua kumpita kistaarabu, na nilipotaka kurudi upande wangu nikawasha indiketa ya kushoto, kwa mara ya kwanza barabarani tangu ninunue gari hili. Injini ikazima.

Kumbe mtani aliunganisha indiketa kwenye fyuzi moja na vali inayoruhusu dizeli iingie kwenye injini. Fyuzi ikikatika, vali inafunga, dizeli haipiti. Gari likajisogeza pembeni kwa mwendo uliobaki, breki mpya zikashika sawasawa, tukasimama kwa namna ambayo afande angeturudishia hata salamu.

Yule mzee wa mkaa akatufikia, akashuka kwenye baiskeli, akalizunguka gari, akaitazama stika.

"Limeharibika?"

"Hapana, babu," utingo akamjibu, huku akilitafuta jiwe chini ya kiti. "Limetengenezwa."