Mikumi Hakushukwi

Bibi zetu wana kanuni moja ya poti isiyo na rufaa: mtoto akishavuliwa nepi, havishwi tena. Ukimrudishia hata kwa siku moja, umeanza upya. Ni kanuni nzuri kwa anayeshinda nyumbani Kinondoni. Kwa anayepanda basi la alfajiri kutoka Mbezi Luis kwenda harusini Iringa, na mtoto wa miaka miwili na ushee, ni adhabu.

Kwa amri ya mama mkwe, nepi zikabaki nyumbani. Poti ya kijani ikaingia safarini ndani ya mfuko wa salfeti. Konda akauchungulia. "Hiyo nayo ina tiketi?"

Basi lina ratiba yake, na kibofu cha mtoto kina yake. Msamvu, abiria walipoteremka kuchimba dawa, mwanangu alikaa kwenye poti akajinafasi. Akazikagua bodaboda, akamsalimia muuza mayai, akaniuliza mbuzi yule ni wa nani. Dereva akapiga honi. Mtoto akainuka, poti kavu. "Hamna," akasema.

Baada ya Doma mambo yakageuka. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na humo hakuna kuchimba dawa. Vibao vinakutajia faini ya kumgonga kila mnyama, kwa dola. Simba akikugonga wewe, hakuna kibao. Basi lilikuwa limepunguza mwendo, wote tuko madirishani tukitazama twiga, ndipo nikasikia:

"Mama, mkojo!"

"Jikaze kidogo, baba."

"Unatoka!"

Basi zima likawa kamati. Poti ikatua katikati ya njia. Akina mama wawili wakatoa khanga mabegani wakatunga pazia. Mmoja akaanza "shiiii", mwenzake akachuruzisha maji kutoka chupa moja hadi nyingine ili kumkumbusha mtoto kazi iliyopo. Mzee wa kiti cha nyuma akasema wao walifundishwa kwa fimbo; akaombwa aendelee na twiga wake. Konda akazima muziki. Mtoto akatukagua mmoja mmoja, akatoa sharti:

"Msiniangalie."

Watu wazima na heshima zao wakageuza shingo. Wa kushoto walipata tembo, wa kulia wakapata nyasi. Kisha ikasikika, chururuu, kwenye plastiki. Vigelegele vikapasua basi, utadhani bibi harusi ameingia.

Shangwe hizo zikatusahaulisha kwamba poti sasa ina mzigo na mbele kuna tuta. Kumwaga dirishani ndani ya hifadhi ni kujitafutia kesi. Konda akatoa chupa tupu, nikaanza kumimina taratibu. Tuta likawahi. Sehemu kubwa ilitua kwa bwana mmoja wa suti ya kijivu, naye mwalikwa wa harusi, kuanzia goti hadi kiatu.

Basi likanyamaza. Bwana akajipangusa kwa leso, akatabasamu. "Usijali, dada. Mkojo wa mtoto ni baraka."

Mikumi mjini tukasimama, watu wakashuka kwa mbio. Nikamkalisha tena mwanangu kwenye poti. "Hamna," akasema. Nyuma ya kibanda cha mahindi ya kuchoma, bwana wa suti alikuwa ameinamia ndoo ya kuazima, akiisugua baraka yake kwa sabuni ya unga.