Jinsi ya Kuonja Madarasa Yote ya Jimu Bila Kukimbia

Kwanza kabisa, usilipe ya mwaka. Dada wa mapokezi atakuonyesha bei ya siku na bei ya mwaka, atazigawanya kwenye simu yake mbele ya macho yako, na hesabu yake itakuwa sahihi. Lipa ya siku. Jimu za mitaani Dar es Salaam hujaa Januari na kupwaya Machi, na naamini wengi wanaopotea njiani wangebaki kama wangeingia mlango mwingine: waliona picha ya misuli ukutani, wakachagua darasa gumu kuliko yote, kesho yake hawakuweza kushuka kitandani. Ratiba ina zumba, baiskeli, uzito, ngumi, yoga na tabata. Onja yote kabla hujaahidi chochote.

Anza na zumba, kwa kuwa zumba yenyewe ilizaliwa na usahaulifu. Miaka ya 1990, mjini Cali nchini Kolombia, mwalimu wa aerobiki Beto Pérez alifika darasani bila kanda zake za muziki. Akaweka salsa na merenge alizokuwa nazo, akaongoza kwa kubuni. Basi ukikosea hatua hujavunja sheria, unaendeleza mila. Kwetu muziki umehamia kwenye amapiano na bongo fleva, na kocha akitaka kuwamaliza, anaweka singeli. Simama mstari wa pili kutoka nyuma. Ule wa mwisho kabisa unaonekana salama, mpaka kocha apige kelele "Geuka!", ukumbi mzima ugeuke, nawe ujikute kiongozi. Shika miguu kwanza, mikono itafuata. Kiuno usikihangaikie; aliyekulia Pwani kwenye ngoma za harusi alikuja nacho tayari.

Hapa jifunze kipimo kimoja kitakachokufaa madarasa yote. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Huhitaji saa ya gharama kujua umo kundi gani. Ukiweza kuongea lakini kuimba kumekushinda, uko kwenye wastani. Maneno yakikatika kila baada ya mawili matatu, umeingia kwenye makali. Ndiyo maana zumba ina umbea na tabata haina.

Darasa la baiskeli linahitaji ufike mapema, kwa sababu anayechelewa hupewa baiskeli iliyorekebishwa kwa mtu mwingine. Simama kando yake: kiti kiwe usawa wa nyonga yako. Ukikaa, pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti ndiyo yatakayolipa. Mchezo huu aliuanzisha Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini, alipokuwa akijiandaa huko California, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mashindano ya kuikatiza Marekani. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kocha, taa zikiwa zimezimwa, anatangaza mlima. Upande. Ongeza uzito kwenye kitufe mpaka uhisi barabara chini ya miguu, na usikubali kuzungusha pedeli tupu kwa kasi ili uonekane hodari; hapo gurudumu linakuendesha wewe. Makalio yatauma siku za mwanzo. Yatazoea.

Uzito ndio darasa ninalowasihi mama zetu waliingie, na ndilo wanalolikwepa kuliko yote. Wanaogopa kuota mabega ya mbeba magunia. Mabega hayo hayaji kwa vyuma vyepesi mara mbili kwa wiki. Kinachokuja ni mifupa inayoshikilia, jambo kubwa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake hupungua uzito haraka. Uliza mapokezi kama kuna saa za wanawake peke yao, kwani baadhi ya jimu zinazo, na huko mwenye hijabu anafanya mazoezi kwa uhuru wake. Anza na chuma unachokionea aibu. Kocha akisema "Nne za mwisho!" usimwage nguvu zote, maana baada ya nne hizo zipo nne nyingine. Na adabu haisimami kwa sababu mmelala kifudifudi juu ya viwiko: ikiwa jirani yako ni mtu mzima, mpe shikamoo yake. Mara nyingi atakuitikia marahaba kwa sauti tulivu, wakati wewe tayari umeshaanguka.

Ngumi: nunua bandeji zako mwenyewe, glavu za kuazima zina historia. Yoga: usile wali saa moja kabla.

Tabata inahitaji tahadhari. Jina ni la profesa Izumi Tabata wa Japani, wakazi wa Tabata Segerea wasijione wenyeji. Utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 1996 ulitumia vijana wa michezo: sekunde 20 za nguvu zote, 10 za kupumzika, mizunguko 7 au 8 hivi. Jumla haifiki hata dakika 5. Ukitangaziwa tabata ya dakika 45, hayo ni mazoezi ya vipindi yaliyoazima jina, nayo yana faida zake. Ila kwa nini uanze nayo? Iache iwe ya mwisho, na mwenye presha, kisukari au shida ya moyo amwone daktari kabla.

Kila darasa lirudie mara ya pili kabla ya kulihukumu, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa unatafuta mahali pa kusimama. Kisha chagua lile ambalo ungeliendea hata mvua ikinyesha na foleni ikiwa imefika Ubungo.

Maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kwa hiyo usijisifu mapema. Maumivu makali ya kiungo si ya kuvumilia. Na mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, hasa baada ya darasa la kwanza la baiskeli, nenda hospitali siku hiyohiyo: misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini. Kama ni mapaja tu yanayolalamika, tembea taratibu, kunywa maji, na kwenye daladala sema "Shusha!" kituo kimoja kabla, upate muda wa kunyanyuka.