Yah: Kustaafishwa kwa Simu Yangu kwa Manufaa ya Umma

S.L.P. ya kuazima,
Morogoro.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Masasisho,
Kampuni Zote za Simu na Kompyuta,
Ng'ambo.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki halali wa simu moja iliyotengenezwa na mmoja wenu. Jina la kampuni nalihifadhi, kama magazeti yanavyohifadhi jina la shahidi. Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ikiwa used safi kutoka Dubai, na muuzaji akaniapia kwa jina la mama yake kwamba haijawahi kufunguliwa. Nimeitunza. Kioo nimebadilisha mara moja, betri mara moja, kava nimepoteza hesabu. Inapiga, inapokea, inapiga picha za harusi na misiba, na tochi yake umeme ukikatika inategemewa na nyumba mbili.

Wiki iliyopita nilitaka kulipa ada ya mtoto. Programu ya benki ikafunguka nusu, ikatafakari, kisha ikaniarifu kwamba simu yangu ni ya zamani mno, nisasishe kwanza. Sikuwa na kinyongo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza pa kusasisha, kiduara kikazunguka, na simu ikanijibu kwa furaha: hongera, unatumia toleo jipya kabisa.

Nikabaki nimeishika mkononi kama barua ya mahakama. Benki inasema ni kikongwe. Yenyewe inasema ni kigoli.

Nikaipeleka kwa fundi wangu pale Msamvu. Akaigeuza, akaifungua, akaipuliza, akaifunga. "Kaka, simu nzima hii," akasema. "Wameikatia tu." Kama maji. Kama umeme. Tofauti ni kwamba watu wa maji ukilipa deni wanarudisha. Mimi sidaiwi, na wa kumlipa simwoni.

Ndugu Mkurugenzi, kwetu mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Hupewa notisi, hupewa mafao, hupewa na ugomvi wake wa kikokotoo cha pensheni ili asichoke kuishi. Siku ya kuagwa kuna hotuba, kuna mabati na mifuko ya saruji imepangwa mbele ya ukumbi. Upo na utaratibu mwingine, wa kumstaafisha mtu kwa manufaa ya umma, unaofaa pale mtu asipotakiwa tena na kosa la kumfukuzia halijapatikana. Nadhani huo ndio mliotumia. Simu yangu haikuagwa hata kwa soda.

Nisije nikaonekana nalalamikia simu peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025, nchi nzima ikiwa mapumziko kumkumbuka Mwalimu Nyerere, Windows 10 nayo ilifikishwa mwisho wa kuhudumiwa. Mwalimu ndiye aliyetuzoesha neno kung'atuka, na mwaka 1985 akang'atuka kweli. Windows 10 iling'atuliwa. Sasa ingia steshenari yoyote iliyo jirani na ofisi ya mkuu wa wilaya. Utakuta mashine ya kutoa kopi inayopiga chafya, na kompyuta ya mtumba yenye kibandiko cha shule fulani ya Uingereza kilichobanduka nusu. Kompyuta hiyo imechapa barua za kuomba kazi za nusu ya vijana wa kata. Ikiomba kuhamia Windows 11, inajibiwa kwamba haikidhi vigezo. Ni majibu yale yale waliyopata wale vijana.

Vigezo vyenyewe ni chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa isiyo ya zamani. Kwa zile za Intel, karibu zote lazima ziwe za kizazi cha nane kwenda mbele, na kizazi hicho kilianza kuuzwa 2017. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Kwa hiyo aliyenunua kompyuta mpya kabisa Januari 2017 alijikuta ana mtoto wa miaka minne ambaye tayari ni babu. Ni kweli, wazee walipewa mkataba wa nyongeza wa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila pesa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya wenye Windows. Huko Ulaya vyama vya watumiaji vilipiga kelele na masharti yakalegezwa. Sisi tulikuwa mapumziko.

Hata serikali yetu haikutufanyia hivi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Tulinung'unika sana, lakini tulitangaziwa mapema, na kila mtu alifundishwa kubonyeza *#06# aone namba ya IMEI ya simu yake ahakiki mwenyewe. Tena walizima feki. Ninyi mnazima orijino.

Najua jibu lako tayari liko kwenye droo: usalama. Na hapo, Ndugu Mkurugenzi, nakubaliana nawe bila kejeli. Matundu kwenye programu hugunduliwa kila mwezi, na simu isiyozibwa matundu ni mlango wazi kwa wezi wa pesa za mtandaoni, ambao hapa kwetu hawalali. Lakini fikiria fundi makufuli aliyekuuzia kufuli, kisha akatangaza sokoni kwa kipaza sauti kwamba kufuli za aina ile zina hitilafu, na hizi hapa ndizo, na kurekebisha sirekebishi, ila kufuli mpya ninazo. Huyo mtaani kwetu angehojiwa na mjumbe wa nyumba kumi.

Kuna wenzako waliowahi kuhojiwa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Sababu haikuwa mbaya, kwani betri dhaifu ilikuwa ikizima simu ghafla katikati ya mazungumzo. Ubaya ulikuwa kunyamaza. Mtu alidhani simu imezeeka, akaenda kununua nyingine, kumbe ilihitaji betri tu. Februari 2020 Ufaransa ikawatoza euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Fundi wangu aliposikia hesabu hiyo alicheka hadi akadondosha bisibisi. Yeye ushauri wa "badilisha betri kwanza" anautoa bure.

Kuna watu walifanya kinyume chenu, na hawa ndio walionifanya niandike. Kila simu huzaliwa na orodha ya vyeti mama inavyoviamini, na tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye nasaba na mmojawapo. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti chungu nzima duniani kiliisha muda. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazikuwa na cheti kipya, na wa kuzipelekea hakuwepo, maana nyie mlishafunga faili. Zilikuwa zinyimwe mlango wa sehemu kubwa ya intaneti kwa siku moja. Shirika la Let's Encrypt, ambalo halitafuti faida na vyeti hutoa bure, lilikuwa limeshagundua kwamba Android za zamani hazikagui tarehe ya kuisha ya cheti mama. Zinakiamini tu, kama bibi anavyomwamini mjukuu mwenye kitambulisho kilichoisha. Wakaomba cheti chao kisainiwe na yule mzee kabla hajaisha muda, na simu hizo zikapewa miaka mitatu mingine. Wenye simu, wengi wao, hawakujua kama kulikuwa na jambo.

Wala si hao tu. Simu ya Fairphone 2 ilitoka 2015. Mtengenezaji wa chipu yake alishaacha kuihudumia, lakini kampuni hiyo ndogo ya Uholanzi ikaegemea kazi ya wanaojitolea kutengeneza mfumo wa LineageOS, ikaendelea kuipelekea masasisho hadi 2023. Linus Torvalds alianza kuandika mfumo wa Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye chipu ya 386, chipu iliyotoka mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka. Linux iliiacha 386 Desemba 2012. Miaka 27 tangu izaliwe! Bila mabati, bila saruji, ila ilihudumiwa mpaka siku hiyo.

Nimesikia pia kwamba siku hizi mnaahidi miaka saba ya masasisho. Google walianza na Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024, na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai angalau miaka mitano baada ya simu ya mwisho ya aina hiyo kuuzwa. Pongezi. Ila hizo za miaka saba zina bei ya bodaboda. Tena saa yake huanza kugonga siku mnayoizindua kwa taa na muziki huko kwenu. Mimi nitaikuta Aggrey ikiwa imeshakula minne na mtu mwingine, naye muuzaji ataniapia kwa jina la mama yake.

Kwa heshima na taadhima, basi, ninaomba jambo moja. Simu ya miaka saba sikuombi, wala fidia. Siku mtakapoifunga simu ya aina fulani, iachieni funguo zake. Mfungue ile kufuli ya kuwashia ambayo mliiweka wenyewe, na mtoe na programu za kuendeshea kamera na modemu ambazo hamzihitaji tena. Kazi iliyobaki wataifanya vijana wa Msamvu. Hivi sasa kijana ana kompyuta, ana waya, ana usiku mzima na bando la usiku, kinachomshinda ni kufuli yenu. Mtu anayehama nyumba na kuondoka na ufunguo wa nyumba aliyoiuza tuna jina lake, lakini barua hii ni ya kiofisi.



Wako katika kusasishwa,

Mtumiaji, toleo la zamani.

Nakala:
Fundi wangu, Msamvu: kwa utekelezaji.
Mwalimu Mkuu: ada italetwa Jumatatu, kwa mkono, mzazi yuko foleni benki.
Simu husika: kwa kumbukumbu zako. Ndiyo iliyoandika barua hii, na chaji bado asilimia 61.