Ubao Uliomshinda Mchwa

Kuanzia Masasi hadi Newala, mkaguzi mkuu wa mbao ni mchwa. Hadai posho, haji na barua ya utambulisho, na ripoti yake utaipata siku utakapoegemea mlango ukaanguka nao. Ndiyo maana kipande cha nguzo ya umeme kikilala nje misimu miwili ya mvua bila kuguswa, wenye nyumba hukiona kama zawadi, na haupiti muda kimeshakuwa ukingo wa tuta la mchicha. Hapo ndipo nabisha. Mchwa anayekula mpaka vyeti vya shule hakatai mti kwa madaha. Mara nyingi amekutana na shaba, kromiamu na aseniki, dawa iliyosukumwa ndani ya mti kwa shinikizo. Kule Marekani, viwanda viliacha kutengeneza mbao za dawa hiyo kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Zile nguzo nyeusi zinazonuka lami zina kreosoti, nayo haina undugu wowote na mboga.

Atatokea wa kusema ubao wenyewe mzee, dawa imeshakwisha. Ingekuwa imekwisha, mchwa angekuwa wa kwanza kupata habari. Ni kweli mvua za mwanzo huondoka na dawa nyingi zaidi, ila iliyobaki huendelea kuchujika kidogo kidogo, na bustani inayomwagiwa kila jioni maji yaliyooshea vyombo haiipi likizo. Mwingine atasema mimea hainyonyi aseniki nyingi kiasi hicho. Hapo namkubalia nusu: sehemu kubwa hubaki kwenye udongo ulio jirani na ubao. Lakini kiazi hung'olewa na udongo wake, mchicha hurukiwa matope, na mtoto anayechezea pembeni ya tuta hapimi sentimita. Kutandika nailoni katikati kunasaidia, mpaka jembe lipite.

Tena bustani ina nafuu. Balaa lipo jikoni. Vipande vilivyobaki huchochewa motoni, moshi ukaondoka na sehemu ya aseniki, nyingine ikabaki kwenye majivu. Na majivu kwetu hayana ustaafu: yanasugua sufuria, yanahifadhi kunde, yananyunyiziwa mboga kufukuza wadudu. Kwa hiyo mtu aliyejihadhari asiweke ubao kwenye tuta anaweza kuja kuipanda sumu ileile kwa mkono wake, jani kwa jani. Maranda nayo yanatandikwa bandani, kuku wakachakura.

Sisemi nguzo itupwe. Ukishajua imetoka wapi, na kwamba mwenyewe haitafuti, ichimbie iwe mhimili wa geti, mbali na kisima na mbuzi. Ikatie nje, funika pua na mdomo, vaa glavu, na uzoe vumbi lote. Tuta la mchicha linatosheka na matofali yaliyovunjika. Anayeng'ang'ania mti aweke tawi la mkorosho lililopogolewa. Mchwa atalila, naye ataweka jingine, maana Newala mikorosho haijaadimika.